Siku Niliyokuwa Mgeni Ufuoni: Kutoka Malindi hadi Cefalù

(Hotuba niliyoitoa katika ukumbi wa shule yangu ya zamani mjini Malindi, mbele ya wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.)

Mkuu wetu wa shule, walimu mlionifundisha na mliokuja baada yangu, wazazi, na nyinyi wadogo zangu mlioketi sakafuni kwa kuwa viti havikutosha: Assalamu alaikum. Hamjambo nyote?

Mwalimu aliponipigia simu aliniomba nije niwaeleze maisha ya masomo ng'ambo. Nimelizungusha jambo hilo kichwani wiki mbili nzima. Ningeweza kuwaeleza habari za viza, za baridi ya mwezi wa pili, na za kupika wali katika jiko moja mnalogombania wanafunzi wa ghorofa nzima. Hayo mtaniuliza baadaye na nitawajibu yote. Lakini kila nikijiuliza ni kitu gani nilikipata kule ambacho nisingekipata hapa, narudi kwenye Jumamosi moja ya mwezi wa tano ambayo sikukanyaga darasani. Nilikwenda ufuoni.

Mama yangu yuko pale nyuma. Siku ile aliniuliza kwenye simu: "Mwanangu, bahari umeiacha hapa mlangoni, huko wafuata nini?" Mama, leo nimekuja kukujibu.

Nilikuwa Palermo, mji mkuu wa kisiwa cha Sisilia, kusini mwa Italia. Nilipelekwa huko kwa muhula mmoja na mpango wa kubadilishana wanafunzi uitwao Erasmus+, ambao siku hizi huchukua pia wanafunzi kutoka vyuo vikuu vya Afrika. Nilikuwa mwaka wa tatu, nasomea utalii. Kwa mtoto wa Malindi hilo ni somo la nyumbani. Sote humu ukumbini tumejifunza kuhesabu uno, due, tre ufuoni kabla hatujafika mbali na hesabu za Kiingereza. Tumewaona Waitalia tangu tukiwa wachanga: wenye nyumba zao, wenye mikahawa yao, waliozeekea hapa na waliozikwa hapa. Na kabla ya watalii kuwa wengi, walikwisha kufika wahandisi wao pale Ras Ngomeni. Mwaka 1967 walirusha satelaiti kutoka jukwaa lililosimama baharini, na tarehe 12 Desemba 1970 wakairusha nyingine iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru. Hiyo ndiyo satelaiti ya kwanza kabisa kutengenezwa kwa kazi ya kuchunguza miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Iliondokea hapa kwetu. Mkiulizwa, semeni.

Basi Jumamosi ile tulikuwa wanne: mimi, msichana wa Tunis, msichana wa Uhispania, na kijana mmoja mwenyeji aliyekuwa akisomea Kiarabu. Tulipanda treni ya saa mbili na kitu asubuhi. Kule tiketi ya karatasi sharti uitie kwenye mashine ndogo ukutani igongwe saa na tarehe kabla hujapanda, la sivyo unatozwa faini hata kama umeilipia. Treni inafuata pwani karibu safari nzima. Kushoto bahari, kulia milima na bustani za milimau, na haifiki hata saa moja na nusu umeshashuka Cefalù.

Cefalù ni mji mdogo uliokaa chini ya jabali kubwa. Jabali lenyewe lina urefu wa mita 270 hivi, na limesimama peke yake kama kichwa kilichochomoza majini. Wagiriki wa kale waliupa mji jina kwa sababu hiyo, maana kefale kwao ni kichwa. Yule kijana aliponieleza hivyo nilisimama pale pale barabarani. Kwani sisi rasi twaziitaje? Ras Ngomeni. Ras Kitau kule Lamu. Ras ni kichwa kwa Kiarabu. Mabaharia wa bahari mbili tofauti, kwa lugha mbili tofauti, walitazama ncha ya nchi kavu iliyoingia majini wakaona kitu kimoja.

Nimesema nasomea utalii, kwa hivyo niliuangalia mji kwa jicho la kazi. Vijia ni vyembamba, vimetandikwa mawe, nguo zimeanikwa juu kutoka dirisha hadi dirisha. Ukivipita ukafumba macho ukasikiliza kina mama wakiitana kutoka ghorofani, utadhani uko mtaa wa Mkomani kule Lamu. Tulinunua mkate uliotiwa panelle, na sikuhitaji kuuliza viungo vyake maana niliutambua unga ule kwa ulimi: ni bajia ya dengu iliyokatwa bapa, ikakaangwa, ikakamuliwa limau. Nilikula miwili.

Kisha tukaingia kanisa kuu. Hapa nataka kukaa kidogo.

Kanisa lile lilianza kujengwa mwaka 1131 kwa amri ya mfalme Ruggero wa Pili. Husimuliwa kwamba alikuwa baharini, tufani ikamkamata, akaweka nadhiri kuwa akifika salama atajenga nyumba ya ibada pale atakapokanyaga, na alipokanyaga ni pwani ya Cefalù. Iwe ni hivyo au ni hadithi ya wazee, mtu yeyote aliyekulia kwa wavuvi anaielewa. Mfalme huyu alikuwa wa ukoo wa Wanormani, watu waliotoka kaskazini mwa Ufaransa. Kabla yao Sisilia ilikuwa chini ya Waislamu kwa karne mbili na zaidi, na Cefalù yenyewe waliitwaa mwaka 858. Ruggero alipotawala hakuyafuta yaliyotangulia. Katika ofisi zake ziliandikwa Kiarabu, Kigiriki na Kilatini. Mafundi wake walitoka kila upande. Ndiyo maana ukiinua macho kanisani unaona boriti za paa zimepakwa rangi kwa mtindo wa mafundi wa Kiislamu, na ukutani nyuma ya madhabahu unaona mozaiki ya dhahabu ya mwaka 1148, sura kubwa ya Isa akiwa ameshika kitabu kilicho wazi, ukurasa mmoja Kigiriki na wa pili Kilatini. Mwaka 2015 UNESCO iliyatia majengo ya Palermo ya zama hizo, pamoja na kanisa hili na lile la Monreale, katika orodha ya urithi wa dunia.

Mimi ni Muislamu, na niliingia pale kwa adabu ya mgeni. Mlangoni walitaka watu wafunike mabega. Mwenzetu wa Uhispania alikuwa amevaa blauzi isiyo na mikono, akataka kurudi nje. Nilikuwa na leso doti nzima mkobani, maana mama hakuniruhusu kusafiri bila leso. Nikampa kipande kimoja akajitanda. Kwa hiyo leso ya Malindi iliingia kanisa la mfalme Ruggero ikiwa mabegani mwa Mhispania. Ukingoni imeandikwa: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Shikeni maneno hayo, nitayarudia.

Sehemu nyingine nitazipita haraka. Kuna mahali pa kale pa kufulia, unashuka ngazi za mawe hadi chini, na maji ya mto Cefalino yanatoka kwenye midomo ya chuma, mingi yake ina sura za simba. Mlangoni wameandika kwamba mto huu ni wenye afya kuliko mto mwingine wowote, safi kuliko fedha, baridi kuliko theluji. Niliingiza mkono. Kuhusu baridi, wamesema kweli. Kuna pia jumba dogo la makumbusho liitwalo Mandralisca, na ndani yake chungu cha udongo cha karne ya nne kabla ya Kristo kilichochorwa muuza samaki. Ana kisu mkononi, jodari mkubwa juu ya gogo, na mnunuzi amesimama mbele yake. Miaka zaidi ya 2,300 imepita, na mimi nilimtambua yule muuzaji kama ninavyowatambua wa soko letu. Ile shingo yake inasema: bei ni hiyo hiyo.

Sasa, ufuo.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba bahari ile haiondoki. Tulifika saa saba mchana, tukaondoka saa kumi na mbili jioni, na maji yalikuwa pale pale. Nyinyi mnajua kwetu: bamvua likija, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Asubuhi unaogelea, mchana unatembea juu ya mwamba ukitafuta pweza. Ratiba ya mji mzima inafuata mwezi. Kule Mediterania, sehemu nyingi, maji kujaa na kupwa ni kitu kidogo mno, hakifiki nusu mita. Hakuna vidimbwi, hakuna mama aliyeinama na kikapu chake akikusanya kombe. Nilipowaeleza wenzangu kwamba bahari yetu huenda zake mara mbili kwa siku ikarudi, walinisikiliza kwa makini hasa, na kwa mara ya kwanza tangu nifike Ulaya nilijiona nina elimu ambayo wao hawana.

Maji yale ni baridi kwa mtu wa kwetu na yana chumvi zaidi, yanakubeba. Niliingia na nguo zangu ndefu. Hakuna aliyenisumbua. Nilipotoka nilitandika kile kipande cha pili cha leso mchangani, sehemu ya ufuo isiyolipiwa, kwa sababu ile iliyopangwa miavuli na vitanda unakodi. Nikalala chali, nikafumba macho.

Wadogo zangu, nina miaka ishirini na mitatu, nimezaliwa mita mia nne kutoka baharini, na ile ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kulala ufuoni bila kazi. Nilikwenda ufuoni maisha yangu yote kumpelekea kaka yangu chakula, kumsaidia kubeba vinyago, kumwita mtu. Kulala mchangani lilikuwa jambo la wageni. Wala hakuna aliyetukataza. Tulijua tu.

Nikiwa nimefumba macho hivyo, nilisikia hatua. Mtu akitembea juu ya mchanga laini na mzigo mzito ana hatua yake: anazama, anavuta, anazama, anavuta, na kila baada ya hatua kadhaa anasimama na kuita. Niliijua kabla sijafumbua macho. Ni hatua ya kaka yangu. Nyinyi mnamjua, wengi mmepita pale anapopanga vinyago vyake. Baba alipougua yeye ndiye aliyeacha shule, hii hii, kidato cha pili, ili mimi nibaki. Nimesikia hatua ile miaka kumi na zaidi.

Nilifumbua macho. Alikuwa kijana wa Senegal, kofia kama ishirini zimepandana kichwani, mataulo begani, miwani ya jua imepangwa kwenye ubao. Alinitazama akashangaa, mimi nikamtazama. Alikuwa amezoea kuona Mwafrika aliyebeba, na mimi nilikuwa Mwafrika niliyelala. Akanisalimu kwa Kifaransa, nikashindwa, tukaamkuana kwa salamu ya Kiislamu, kisha tukaendelea kwa Kiitaliano chetu cha kuungaunga. Aliniita dada. Nilitaka kununua kofia, akakataa pesa yangu. Nikamshurutisha, akapunguza bei mpaka nikaona aibu. Mwishowe niligawana naye maji na mkate uliobaki, akaketi kidogo ukingoni mwa leso, mgongo kwa bahari.

Sikumuuliza alifikaje Ulaya. Kuna mambo ambayo mtu akitaka atakueleza mwenyewe. Lakini niligundua kuwa haitazami bahari, na sisi sote tuliosoma magazeti tunajua bahari ile imebeba nini. Tarehe 3 Oktoba 2013, karibu na kisiwa cha Lampedusa, mashua moja ilishika moto ikazama, wakafa watu zaidi ya 360, wengi wao vijana kutoka Eritrea. Hiyo ni mashua moja. Maji niliyokuwa nimetoka kuogelea kwa furaha ndiyo hayo hayo. Naomba mnielewe: sijutii kuogelea. Ila tangu siku ile siwezi kuisema Mediterania kama watangazaji wa utalii wanavyoisema, na nikiajiriwa katika kazi hii sitaisema hivyo.

Alipoinuka na kujitwika mzigo wake, bibi mmoja mzee aliyeketi kwenye kiti chake karibu nasi akatikisa kichwa, akasema kwa sauti ya chini: "Mischinu."

Niligeuka kama aliyeitwa na nyanya yake. Maskini! Bibi wa Sisilia, mkatoliki mwenye rozari mkobani, alitamka neno letu. Kijana wetu anayesomea Kiarabu alicheka kwa furaha kuona nilivyoshtuka, akanieleza kuwa ni neno la Kiarabu lililobaki katika Kisisilia tangu zama zile, kama lilivyobaki kwetu. Akaniongezea mengine. Zabibu za aina fulani wanaziita zibibbo. Na mkuu wa wavuvi wa jodari, yule anayeamuru nyavu zivutwe lini, kwa karne nyingi wamemwita rais. Sisi rais tumempeleka ikulu, wao walimwacha kwenye mashua.

Bibi yule naye akataka kujua natoka wapi. Nikamwambia mimi ni Mkenya, natoka Malindi.

"Malindi!" Akapiga makofi. Binamu yake alikwenda Malindi miaka ya themanini akarudi na picha. Anajua kuna mchanga mweupe, kuna samaki, kuna hoteli. Kisha akanionyesha leso niliyoikalia, kipande pacha cha kile alichojitanda mwenzangu, akauliza maneno haya yana maana gani. Nilijaribu kuyafasiri. Mgeni aje, ili mwenye nyumba apate afueni. Akafikiri, akasema: basi kwenu mgeni ni dawa. Nikamwambia ndiyo, bibi, ni dawa.

Halafu akauliza swali ambalo ndilo lililonileta mbele yenu leo. Alinyosha mkono kuonyesha kanisa, jabali, kuta. Akasema, sisi tuna haya. Nyinyi Malindi mna nini cha kale?

Nikafungua mdomo. Nikasema tuna nguzo ya Vasco da Gama. Akasema, "Huyo ni Mreno. Mimi nauliza chenu."

Nikanyamaza.

Msidhani sikuwa na jibu kwa sababu jibu halipo. Kila siku ya maisha yangu nikienda sokoni nimepita yale makaburi ya nguzo yaliyo kando ya Msikiti wa Juma, pale pale ufuoni. Sikuwahi kusimama kuuliza ni ya nani, ni ya lini. Kwenye magofu ya mji wa kale wa Gede nilipelekwa na shule darasa la sita, nikakumbuka nyani na soda. Nilikuwa nimetoka kusimama kanisani nusu saa nikisikiliza kwa unyenyekevu habari za mfalme wa watu, na za kwangu nilikuwa nikizipita na kikapu cha nyanya. Niliumia. Nilimwambia bibi nitamjibu siku nyingine, akanipapasa mkono. Aliona.

Katika treni ya kurudi sikuzungumza sana. Yule kijana akaniuliza kama nina homa. Nikamweleza swali la bibi. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Lakini Malindi imo katika kitabu cha mfalme."

Kitabu gani?

Akanieleza. Ruggero yule yule aliyejenga Cefalù alimkaribisha Palermo mwanachuoni wa Kiarabu, Al-Idrisi, mzaliwa wa Ceuta, na kwa miaka mingi wakakusanya habari za dunia kutoka kwa mabaharia, wafanyabiashara na mahujaji. Alitengeneza ramani kubwa ya dunia iliyochorwa kwenye sahani ya fedha, pamoja na kitabu cha maelezo kilichokamilika mwezi wa Januari 1154. Mfalme alifariki mwezi uliofuata. Sahani ya fedha ilipotea katika fujo za miaka michache baadaye, lakini nakala za kitabu na ramani zake za karatasi zilibaki, na watu hukiita Kitabu cha Ruggero mpaka leo. Katika ramani hizo kusini iko juu. Afrika iko juu, Ulaya iko chini.

Jumatatu nilimfuata maktaba. Alitoa chapa ya maandishi ya Kiarabu, akapekua mpaka sehemu ya nchi ya Zanj, jina ambalo Waarabu waliipa pwani yetu, akaniwekea kidole. Mimi Kiarabu changu ni cha chuo cha Kurani, cha kusoma bila kufahamu. Lakini herufi ni herufi. Mimu. Lamu. Nuni. Dali. Nililisoma jina la mji wangu kwa sauti, mtu wa meza ya pili akanitazama vibaya.

Al-Idrisi hakuwahi kufika kwetu, aliandika alichosimuliwa, na mengine ni ya ajabu, kama habari ya watu wa Malindi kuwaroga nyoka wasimdhuru mtu isipokuwa yule wanayemtakia mabaya. Lakini sikilizeni mengine. Anasema Malindi ni mji wa pwani, kwenye mdomo wa mto wa maji matamu. Watu wake wanavua samaki, wanawakausha na kuwauza. Wanawinda chui. Na wana machimbo ya chuma: wanakichimba, wanakiuza, na chuma ndiyo biashara yao kubwa kuliko zote, ndiyo inayowapa faida. Mombasa nayo ameitaja, mwendo wa siku mbili kufuata pwani, mji mdogo.

Naona watu wa Mombasa hawapo humu. Vizuri.

Chuma, wadogo zangu. Tunaambiwa, na sisi wenyewe tunaamini, kwamba mji huu umekula kwa mgeni tangu ulipozaliwa. Msimu ukiwa mzuri tunakula, msimu ukiharibika tunalala njaa, na mtoto anaacha shule. Kuna mtu aliyeketi Palermo mwaka 1154, miaka 344 kabla ya Vasco da Gama kutia nanga hapa, akaandika kwamba watu wa Malindi ni mafundi na wafanyabiashara wa chuma. Hakuandika habari za mchanga mweupe.

Wataalamu wengine huona huenda Malindi ya Al-Idrisi haikuwa hapa tulipo, ilikuwa upande wa pili wa mto Sabaki, Mambrui, maana ndiko mdomo wa mto uliko. Tangu mwaka 2010 wataalamu wa Kenya na wa China wamefukua huko na kukuta mabaki ya kuyeyusha chuma. Mimi sina ugomvi na Mambrui. Bibi yangu mzaa mama ni wa Mambrui.

Niliporudi nyumbani, siku ya tatu nilimchukua kaka yangu. Ilikuwa Jumatatu, wageni wachache, akafunika vinyago vyake kwa turubai. Tulipanda matatu tukavuka daraja la Sabaki, tukaenda kuliona kaburi la nguzo la Mambrui, maarufu kwa bakuli zake za kaure za Kichina, kisha tukateremka ufuoni. Mzee mmoja mvuvi alituonyesha vipande vyeusi, vizito kuliko vinavyoonekana, vyenye matundu kama sifongo. Akasema wao tangu utotoni huviita mavi ya chuma. Ni takataka inayobaki chuma kikishayeyushwa. Kaka yangu alikishika kimoja muda mrefu akikipimapima uzito. Yeye ni mtu wa mikono, anajua kitu kilichopita motoni. Hakusema neno mpaka tuko kwenye matatu, ndipo akauliza: "Hiki kitabu, kimefasiriwa kwa Kiswahili?"

Sijakiona kwa Kiswahili. Ndiyo kazi niliyojipa. Yule kijana wa Palermo ananisaidia kwa Kiarabu, ustadhi wangu wa chuoni ananisahihisha, na kurasa za pwani yetu si nyingi. Nimekwisha kufasiri mbili, nimemwachia mwalimu wa historia nakala. Na bibi wa Cefalù sina anwani yake, lakini nimemwandikia jibu, liko kwenye daftari, kwa Kiitaliano, na Mungu akinijalia kurudi nitaketi ufuoni pale pale mpaka apite.

Kofia ya yule ndugu wa Senegal ndiyo hii. Kaka yangu aliitaka nikamnyima.

Sasa tangazo, halafu nawaachia mwalimu. Jumamosi hii tunakwenda Mambrui, sisi na ustadhi na mwalimu wa historia. Tutaondoka saa moja asubuhi stendi ya matatu, maji yatakuwa yamekupwa saa nne kwa hivyo msichelewe. Mtaona kaburi, mtaona mdomo wa mto, mtaona chuma. Msikiokote mkakitia mfukoni, kiacheni pale kilipo, wataalamu bado wanakihitaji. Asiye na nauli amwone kaka yangu ufuoni leo jioni. Amesema atalipia wanafunzi kumi wa kwanza.